Mafaili Yasiyofunguka

Safu ya mwezi uliopita ilihusu maneno ya siri, na barua zilizofuata zikaangukia jambo moja: mtu ana faili, halifunguki, na kila jirani ana maelezo yake. Tumechukua zile zenye kitu cha kujibu. Barua za kuuliza namna ya kufungua simu ya mwenza tumeziweka kando, na zitakaa huko huko.

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Kwenye kundi letu kuna jamaa anajitapa kuwa ana faili la WikiLeaks liitwalo insurance.aes256. Anasema ndani kuna siri za serikali zote, na siku likifunguka dunia itatikisika. Tukimbana atufungulie, anasema ufunguo uko njiani. Lipo kweli? Na kompyuta za sasa zinashindwa nini kulivunja? – Msomaji, Sinza

JIBU: Lipo, na kuwa nalo si ujiko. WikiLeaks, tovuti ya kuchapisha nyaraka za siri, waliliweka hadharani Julai 2010 kwenye ukurasa wa kumbukumbu za vita vya Afghanistan, likiwa na takriban GB 1.4, bila neno la maelezo. Aliyetaka alilipakua. Agosti 2013 wakaongeza mengine matatu: la GB 3.6, la GB 49 na la GB 349. Hilo la mwisho, kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika hata dakika, linachukua zaidi ya siku tatu usiku na mchana. Mwenye bando la wiki asijisumbue.

Kilicholipa umaarufu ni jina. Insurance ni bima, na watu wakaelewa kwamba Julian Assange, mwanzilishi wa WikiLeaks, akidhurika, ufunguo utamwagwa na kila aliyepakua atajifungulia mwenyewe. Mpango wa namna hiyo unawezekana kabisa, ndiyo maana hadithi ikapata miguu.

Sasa mwambie jamaa alifungue faili lake kwa programu ya kuonyesha baiti, kwa mfano HxD kwenye Windows, ambayo ni ya bure. Baiti nane za mwanzo zitakuwa 53 61 6C 74 65 64 5F 5F, na pembeni zitasomeka Salted__. Wapo walioliona neno hilo wakadhani ni fumbo. Ni chapa tu ya OpenSSL, programu ya kawaida ya usimbaji, yaani kulifunga faili lisisomeke bila ufunguo. Faili lililosimbwa kwa neno la siri kwa amri yake ya enc kwa kawaida huanza hivyo. Baiti nane zinazofuata ni chumvi, yaani namba za kubahatisha zinazochanganywa na neno la siri ili neno moja likitumika mara mbili lisitoe ufunguo ule ule. Kuanzia hapo ni mkorogo hadi mwisho wa faili. Na mkorogo huo huwa na sura moja, kiwe ndani ni nyaraka za balozi, video ya harusi ya Magomeni au sifuri bilioni moja zilizopangwa mstari. Kwa hiyo anayedai kujua kilichomo, ama ana ufunguo ama anatunga.

Kuvunja: funguo za AES-256, njia ya usimbaji inayotajwa kwenye jina la faili, ni nyingi kiasi kwamba idadi yake ina tarakimu 78. Mashine inayojaribu funguo bilioni mara bilioni kila sekunde ingehitaji miaka ambayo idadi yake nayo ina tarakimu 52. Hiyo njia imefungwa. Upenyo, kama upo, ni neno la siri lenyewe. OpenSSL ya 2010 iligeuza neno la siri kuwa ufunguo kwa hesabu nyepesi ya MD5, bila kitu cha kumchelewesha mkisiaji. Neno la herufi nane ndogo lina uwezekano wa bilioni 209 tu. Kwa makisio bilioni moja kwa sekunde, yanaisha kwa dakika tatu na nusu. Lakini hawa watu hawakuwa wakitumia maneno ya herufi nane. Faili lao jingine, lililobeba nyaraka 251,287 za balozi za Marekani, lilikuwa na neno la siri la herufi na alama 58. Hakuna aliyelivunja. Lilifunguka 2011 kwa sababu waandishi wa gazeti la Guardian walilichapa neno hilo kitabuni wakidhani lilikuwa la muda na limeshakufa, kumbe faili lenyewe lilikuwa tayari linazagaa mtandaoni. Septemba mwaka huo WikiLeaks wakatoa nyaraka zote bila kufunika majina. Hilo ndilo faili la siri lililofunguka kweli, na lilifunguliwa na kiwanda cha uchapaji.

Mtasikia pia watu wakiapa: “Mimi nimelifungua, kompyuta haikuleta kosa.” Wengine hawasemi uongo. AES hufanya kazi kwa vipande vya baiti 16, na cha mwisho hujaziwa baiti za kufidia. OpenSSL inapofungua hukagua zile za kufidia tu. Zikikaa sawa, hainung’uniki. Neno la siri lisilo sahihi huzikalisha sawa kwa bahati karibu mara moja katika kila majaribio 256. Jaribu maneno elfu moja, na kama manne yatapita kimya kimya yakikuachia takataka. Kipimo cha kweli ni faili lililotoka kuwa na kichwa kinachotambulika: PK kwa zip, %PDF kwa PDF, Rar! kwa rar.

Na kuna kosa la upande wa pili, la kuwa na neno sahihi na bado kukataliwa. Tangu toleo la 1.1.0 la 2016, OpenSSL iliacha MD5 na kuchukua SHA-256 kama chaguo la kawaida. Faili la zamani ukilifungua kwa toleo jipya utaambiwa bad decrypt hata kama neno ni lenyewe. Amri iandikwe hivi:

openssl enc -d -aes-256-cbc -md md5 -in faili.aes256 -out matokeo

Msomaji mwenye mafaili yake mwenyewe ya kabla ya 2016 aikate amri hii aibandike ukutani.

Jambo la mwisho kwa Sinza. Oktoba 2016, Ekwado ilipomkatia Assange intaneti kwenye ubalozi wake wa London, alikokuwa amejihifadhi, WikiLeaks walichapisha mistari ya herufi na tarakimu 64. Watu wakasema amekufa na hizo ndizo funguo. Kosa lilieleweka kwa urahisi: ufunguo wa AES-256 ukiandikwa kwa tarakimu za heksadesimali (0 hadi 9 na A hadi F) huwa na alama 64, na hashi ya SHA-256 nayo ni alama 64 vile vile. Zile zilikuwa hashi, alama za vidole za mafaili ya kutolewa baadaye. Assange aliachiwa Juni 2024 akarudi kwao Australia.

SWALI: Shikamooni. Nimenunua simu iliyotumika Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikapewa na memori kadi yake. Ndani ya kadi nimekuta folda ya WhatsApp, na humo mafaili saba yenye majina kama msgstore na tarehe, mwisho .db.crypt14. Fundi wa huku kwetu anasema ni mafaili ya wapelelezi, nisiyaguse, ila kwa laki moja atayafungua tuone. Naogopa hata kuwasha simu. – Mama wa watoto watatu, Tandika

JIBU: Marahaba. Washa simu yako, mama, hakuna mpelelezi. Hizo ni nakala za mazungumzo ya WhatsApp ya mwenye simu wa kwanza. WhatsApp kwenye Android hujitengenezea nakala kila siku, saa nane usiku, na huweka za siku saba hivi. Ndiyo sababu umekuta saba. Namba iliyo baada ya neno crypt ni toleo la usimbaji: kulikuwa na 12, ikaja 14, kisha 15.

Kwa nini fundi hataweza: ufunguo wa nakala hizo haukai kwenye folda uliyoiona. Unakaa sehemu ya ndani ya simu, /data/data/com.whatsapp/files, ambako programu nyingine haziruhusiwi kuingia, na hupotea simu inaporudishwa kiwandani. Njia iliyobaki ni kusajili WhatsApp kwa namba ile ile ya zamani, na namba anayo mwenyewe. Laki moja yako itakwenda, na fundi atakurudishia kadi akisema “yamegoma”. Hata angeweza, kuchokonoa mawasiliano ya mtu bila ruhusa yake ni jambo linaloweza kukufikisha kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Fomati kadi, basi.

Kilichotokea dukani ni cha kawaida: simu ilirejeshwa kiwandani, kadi ikasahaulika. Kurejesha simu kiwandani hakugusi memori kadi mpaka uchague kuifuta kwa hatua yake peke yake. Siku utakapouza simu yako, chomoa kadi kwanza. Na kama umewasha nakala za Google Drive zilizofungwa kwa ufunguo wa tarakimu 64, ziandike tarakimu hizo kwenye karatasi. Zikipotea, WhatsApp wenyewe hawana pa kukusaidia.

SWALI: Wakuu, Telegram kuna mtu anauza faili la wallet.dat lenye Bitcoin 47 kwa shilingi 350,000. Neno la siri limepotea, lakini salio linaonekana kabisa, amenitumia na picha. Rafiki yangu ana kompyuta kali ya magemu. Tukichanga hela tukavunja si tumetoka? – Msomaji, Mbezi Luis

JIBU: Mtatoka na deni. Faili la wallet.dat ni pochi ambamo programu ya Bitcoin Core huhifadhi funguo za Bitcoin. Salio lenyewe ni la kweli, ndipo mtego ulipo. Anwani za Bitcoin na kiasi kilichomo ni mambo ya wazi; mtu yeyote anaweza kutafuta anwani tajiri iliyolala miaka, akaichukua na kuipachika ndani ya wallet.dat aliyoitengeneza jana. Mahali panapotakiwa kuwa na ufunguo wa siri anajaza baiti zozote. Kwa kuwa sehemu hiyo imesimbwa, ufunguo halisi na baiti za uongo zinafanana. Programu ya Bitcoin Core ikilifungua faili inasoma anwani, inatafuta salio kwenye daftari la wazi la Bitcoin, na kukuonyesha Bitcoin 47 bila hiyana. Hakuna namna ya kujua mpaka upate neno la siri, na faili la kughushi halina neno la siri linalozaa kitu.

Tuseme ni halisi. Bitcoin Core hulizungusha neno la siri kwenye SHA-512 mara 25,000 au zaidi kabla ya kupata ufunguo. Kompyuta ya magemu inayokimbiza makisio mabilioni ya MD5 kwa sekunde hapa inatambaa. Bila kidokezo cha neno lilivyokuwa, mtalipa umeme wa LUKU tu. Na faili si mbuzi: akikuuzia wewe, yeye bado analo, na wa Kimara naye ameuziwa lile lile.

Mkasa halisi wa aina hii uliotangazwa Januari 2021 ni wa Stefan Thomas, mtaalamu wa programu mwenye funguo za Bitcoin 7,002 ndani ya kifaa cha IronKey, flashi inayofungwa kwa neno la siri. Kifaa kinaruhusu makisio kumi kisha kinajifunga moja kwa moja. Wakati huo alikuwa amebakiza mawili. Mwenye mali halisi hubanana na mali yake namna hiyo. Haitembezi Telegram kwa laki tatu na nusu.

Angalieni na hili: “faili” hilo mara nyingi huja ndani ya zip, na jina kamili ni wallet.dat.exe. Windows huficha herufi za mwisho, mtu anaona wallet.dat, anabofya, na hapo aliyeibiwa ni yeye. Fungua File Explorer, nenda View (kwenye Windows 11, View kisha Show), weka alama kwenye File name extensions. Dakika moja, na ifanyike leo.

SWALI: Naomba msaada wa kitaalamu. Kuna picha inasambazwa, ya bundi kwenye giza, wanasema ina fumbo kama la Cicada 3301 na atakayelifumbua atapata kazi nje. Nimeipitisha kwenye programu zote za kutafuta ujumbe uliofichwa, sioni kitu. Nakosea wapi? – Mwanafunzi, Changanyikeni

JIBU: Imekufikiaje? Kama ni kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, acha. WhatsApp huikamua picha upya ili iwe nyepesi, na chochote kilichofichwa kwenye baiti kinafutika njiani. Mwombe aliyekutumia akutumie nakala ya awali kama dokumenti. Naye akiwa aliipata vile vile, basi mnapekua sufuria iliyokwisha oshwa.

Ukipata ya awali, anza kwenye mkia. JPEG huisha kwa baiti FF D9. Kukiwa na baiti baada ya hapo, mtu kaongeza kitu. Jaribu mwenyewe kwenye Windows uone inavyofanyika:

copy /b picha.jpg + siri.zip mpya.jpg

Faili mpya.jpg litaonyesha picha kama kawaida, na ukilifungua kwa 7-Zip utaona yaliyomo kwenye siri.zip. Sababu ni kwamba msomaji wa picha huanza mbele na kusimama kwenye FF D9, na msomaji wa zip hutafuta orodha yake kuanzia nyuma. Wanapishana mlangoni bila kuonana. Ila usikurupuke: picha za Samsung zilizopigwa kwa chaguo la picha yenye mwendo huwa na video nzima baada ya FF D9. Ukikuta neno MotionPhoto_Data, umekuta sekunde chache za mpiga picha akitikisa simu.

Cicada yenyewe, mfululizo wa mafumbo ya mtandaoni ya watu wasiojulikana, ilianza Januari 4, 2012 kwa picha ya maandishi meupe kwenye giza. Waliofungua picha hiyo kwa programu ya maandishi walikuta mwishoni jina la Tiberius Claudius Caesar na mstari wa herufi zisizoeleweka. Claudius alikuwa kaisari wa nne wa Roma. Kila alama ikirudishwa nyuma hatua nne, ikatoka anwani ya picha nyingine, ya bata. Maneno kwenye bata yalielekeza kwenye OutGuess, programu ya kuficha ujumbe ndani ya picha. Baadaye zikaja namba ya simu ya Marekani na mabango yaliyobandikwa kwenye nguzo katika miji kama Warsaw, Paris, Seoul na Miami. Kitabu chao cha runi, herufi za kale za Ulaya Kaskazini, kilichotolewa 2014, sehemu kubwa bado haijasomwa na mtu.

Na hapa ndipo bundi wako anapopimika. Ujumbe wa Cicada ulitiwa saini ya kidijitali ya PGP, ambayo asiye na ufunguo wao wa siri hawezi kuighushi, na ufunguo wa kuikagua ulitolewa mapema, namba 7A35090F. Ukiwa na programu ya GnuPG, unaandika gpg --verify ujumbe.asc, saini ikikubali, ni wao, isipokubali, ni mtu mwingine. Bundi aliyekuja bila saini ni bundi tu. Atakayekudai “ada ya usajili” ili uendelee na fumbo, mzuie namba.

SWALI: Ni kweli kuna zip ya KB 42 inayounguza kompyuta? – Msomaji, Buguruni

JIBU: Haiunguzi. Ipo, inaitwa 42.zip, na ikifunguliwa tabaka zote inafika petabaiti 4.5 (GB milioni 4.5), kwa kuwa data inayojirudia hukamuliwa hadi ikabaki karibu bure. Ukiifungua mara moja unapata zip nyingine 16 basi. Iliwasumbua antivirasi za zamani zilizochimba mpaka chini na kujaza diski.

SWALI: Nina duka la steshenari. Wiki iliyopita nilishusha programu ya kuhariri picha iliyovunjwa leseni, na kesho yake kazi zote za wateja zimeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina. Kila folda ina _readme.txt inayodai dola 980, au 490 nikilipa ndani ya saa 72. Vijana wananiambia ni wale wale wa Cicada. – Mfanyabiashara, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Si Cicada. Maelezo yako yote, kuanzia jina la faili la maelekezo mpaka bei hizo mbili na programu ya kuvunja leseni, ni ya kirusi kiitwacho STOP/Djvu. Chomoa intaneti na flashi zote sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

Usifomati, na usibadilishe majina ya mafaili kwa mkono ukidhani yatapona. Fungua _readme.txt, tazama kitambulisho kilichoandikwa chini. Kikiishia na t1, kirusi hakikufanikiwa kuwasiliana na mabwana zake, kikatumia ufunguo mmoja kwa watu wengi. Hapo programu ya bure ya Emsisoft inaweza kukufungulia, leo au ufunguo huo utakapopatikana. Kisipoishia hivyo, ufunguo ni wa kwako peke yako na makisio hayasaidii. Pakua programu hiyo kupitia tovuti ya No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 ambao Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, na polisi wa Uholanzi wamo, usiitafute kwenye matangazo.

Sasa lenye faida. Kirusi hiki kina haraka, kinasimba takriban KB 150 za mwanzo za kila faili na kuliacha lililobaki. Barua ya Word ya KB 40 imekwenda yote. Lakini video ya harusi ya GB 2 imepoteza kichwa tu, na programu za kutengeneza video zilizoharibika huweza kuijengea kichwa kipya ukizipa video nyingine nzima iliyopigwa kwa kamera ile ile na mipangilio ile ile. Nyimbo za MP3 mara nyingi hulia zikianza sekunde chache mbele. Zip kubwa nazo hutoa mafaili ya katikati. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje kabla ya kujaribu lolote, na ufanye majaribio kwenye nakala.

STOP/Djvu huwa inakuja na mwizi wa maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Barua pepe ya duka, benki, akaunti za mitandao, yote yahesabu yameshachukuliwa. Anza na barua pepe, na ubadilishe ukiwa kwenye simu, si kwenye kompyuta hiyo.